Wanaotuita matapeli wana sababu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi ya mtaa wetu kuomba barua ya utambulisho ili nifungue akaunti benki. Mtendaji alinipokea vizuri. Akaandika jina, namba ya nyumba, namba ya kitambulisho. Alipofika kwenye kazi nikamweleza kwamba natafsiri na kuandika manukuu ya video, yaani maandishi ya yanayosemwa humo, kwa wateja wa nje, kwa njia ya mtandao. Akainua kalamu, akanitazama, kisha akaandika "mjasiriamali". Aliponikabidhi barua alishusha sauti: "Mdogo wangu, hayo mambo ya mtandaoni achana nayo. Mke wangu kalia sana mwaka huu."

Nilitoka pale nimeudhika. Lakini njiani nikamkumbuka shangazi yangu, hasira ikaniishia, kwa sababu na yeye alilia, na mimi nilikuwepo.

Shangazi anauza vitafunwa asubuhi. Jirani alimletea habari ya "kazi ya simu": unalipia kiingilio, kila siku unafungua programu, unabonyeza matangazo machache, na jioni unaona salio limepanda. Wiki ya kwanza alijaribu kutoa 12,000, na muamala ukasoma. Hiyo 12,000 ndiyo iliyomponza. Angekuwa mtu wa tamaa angejitosa siku ya kwanza. Yeye alijaribu kwanza, akapima, akaona kweli hela inatoka. Ndipo akachukua fungu lake la kikoba, shilingi 300,000, akalipia ngazi ya juu zaidi. Akawaunganisha na wenzake wawili wa kikoba hichohicho, maana kila unayemleta unalipwa. Asubuhi moja programu haikufunguka. Kundi la WhatsApp lilikuwa limefungwa, wasimamizi hawajibu. Mpaka leo anawarejeshea wale wawili kidogo kidogo, 5,000 leo, 3,000 wiki ijayo, kwa sababu ni yeye aliyekwenda nyumbani kwao na kuwaapia kwamba jambo ni la kweli.

Nilipomwambia kwamba ule ulikuwa utapeli na kwamba kazi yangu mimi ni nyingine, aliniuliza swali ambalo lilinishinda kwa siku kadhaa: "Baba, tofauti iko wapi? Wote mnashinda na simu, wote mnasema dola, wote mnasema kuna mtu wa nje atalipa, na huyo mtu hakuna aliyemwona."

Hapo ndipo penye barua yangu. Kila mara kwenye semina za vijana na kwenye redio nasikia kwamba Watanzania hawaamini ajira za mtandaoni kwa sababu hawana elimu ya teknolojia. Si kweli, na ni kuwatukana. Shangazi ananunua umeme wa LUKU kwa simu, anapokea hela za wateja kwa simu, ada ya mtoto anaituma kwa simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaufuta bila hata kuumaliza. Simu haiogopi. Anachokiogopa ni ahadi ambayo imeshamfika mlangoni mara nyingi kwa sura tofauti.

Tukumbushane. Mwaka 2009 DECI, mradi wa upatu, ilikuwa imewakusanya watu wengi kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na nani angemtilia shaka mchungaji? Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Wakati ule foleni ilikuwa ya miguu, watu wanapanga mstari na fomu mkononi. Ukaja mradi wa Mr Kuku, huo ukatangazwa sana mitandaoni: toa mtaji, kuku watafugwa kwa niaba yako, miezi minne faida ya asilimia 70. Kesi ikafika Kisutu tena, mwaka 2020. Ikaja Kalynda mwaka 2022, nayo ya kuweka hela mtandaoni. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL, ya kulipia na kutazama matangazo kwenye simu, na Polisi wakatangaza kuwakamata watu. Katikati ya hayo, Novemba 2024, Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, zile ambazo ukichelewa siku moja zinampigia simu mpaka mkwe wako.

Mtu aliyepitia yote haya, au aliyeona ndugu zake wakipitia, akikataa kuniamini ninapomwambia napata riziki mtandaoni, mimi nasema amejifunza. Kosa lake ni nini?

Ajabu ni kwamba sisi tunaofanya kazi halali hatujamsaidia hata kidogo. Tumekubali kusema kwa maneno yaleyale ya matapeli. Kijana akilipwa mara moja anapiga picha muamala, anaubandika kwenye hali ya WhatsApp, anaandika "mtandao unalipa, wewe endelea kulala". Haandiki kwamba ni malipo ya wiki sita. Haandiki kwamba aliomba kazi 40 na kujibiwa mbili. Tapeli naye anabandika picha kama hiyo, tena yake ni nzuri zaidi kwa sababu ni ya kutengeneza. Sasa mtu wa tatu anayetazama atajuaje?

Na kuna hawa wauza kozi. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi nilipigwa. Miaka mitano iliyopita nililipa 50,000 nifundishwe "njia saba za kuingiza dola ukiwa nyumbani". Nilitumiwa faili la kurasa chache zenye mambo ambayo yapo bure, nikaingizwa kwenye kundi, na somo la mwisho lilikuwa namna ya kuwauzia wengine kozi ileile kwa kamisheni. Mwalimu wetu hakuwahi kutuonyesha kazi hata moja aliyomfanyia mteja. Kazi yake ilikuwa sisi. Wapo walimu wa kweli, nawajua, waliomfundisha mtu kuhariri video mpaka akapata mteja. Lakini mwalimu wa kweli ukimwuliza "nionyeshe kazi zako" hafoki, anakuonyesha.

Tofauti aliyoiuliza shangazi niliipata baadaye, nikarudi kumweleza jikoni kwake. Katika kazi yangu mteja hajawahi kuniomba hata shilingi. Yeye ananituma, mimi nafanya, yeye analipa. Nikiacha kufanya, hela haiingii, hata nikimleta mtaa mzima. Na hela inayonifikia najua imetoka wapi: kuna shirika lina video ya mafunzo ya afya, linataka iwe na Kiswahili, limetenga bajeti. Kule kwake yeye ndiye aliyelipa kwanza, na nilipomwuliza nani hasa alikuwa ananunua kule kubonyeza kwake, alinyamaza. Hakukuwa na mnunuzi. Aliyekuwa akimlipa ni yule aliyeingia baada yake.

Akaniuliza kama napata nyingi. Nikaamua kumwambia yote. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa hunichukua saa nne au tano kuiweka kwenye maandishi, na wazungumzaji wakiwa wanakatizana, au pana jenereta inanguruma nyuma yao, inafika saa saba. Sihesabiwi saa nilizokaa, nahesabiwa dakika za sauti. Mwezi wangu wa kwanza nilipata dola 11. Mwaka jana kuna miezi miwili sikupata kitu kabisa, nilikula akiba. Siku hizi programu za akili mnemba zinaandika rasimu, sisi tunasahihisha, na bei imeshuka ingawa usahihishaji wa Kiswahili kilichoandikwa na mashine unachosha kuliko kuanza upya. Miezi mizuri ipo, imenilipia kodi ya nyumba na nimemsomesha mdogo wangu chuo. Ila ni kazi, inachosha mgongo na macho kama ushonaji.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe na wewe unahangaika kama sisi." Nadhani siku ile ndiyo aliyoniamini. Dola 11 zilifanya kile ambacho picha za miamala hazikufanya.

Lipo jingine ambalo halizungumzwi. Hata hela halali kwetu inaingia kwa kujipenyeza. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, iliyofunguliwa Tanzania imekuwa ya kulipia watu, si ya kupokea. Wenzetu Kenya tangu 2018 wanaweza kuhamisha hela ya PayPal kwenda M-Pesa. Kwa hiyo vijana wengi wetu wamepokea malipo kwa jina la binamu aliyeko Nairobi au rafiki aliyeko Ulaya. Akaunti ikikaguliwa, majina hayalingani, inafungwa, na jasho la miezi mitatu limepotea. Zipo njia nyingine zilizo wazi, mimi natumia mojawapo na hela inaingia benki kwa jina langu, lakini nilichukua muda mrefu kuzijua. Mzazi anayemwona mwanawe anapokea hela kwa jina la mtu mwingine, kutoka nchi nyingine, usiku, atafikiri nini? Hata mimi ningemshika mkono nikamwuliza.

Kwa ofisi za mtaa na benki ombi langu ni dogo: mtu akisema anafanya kazi kwa mtandao, mwombeni mikataba na taarifa ya akaunti, kama mnavyomwomba mwenye duka daftari. Msimwandike kitu kingine. Kwa mamlaka, elezeni kwa lugha nyepesi, tena kabla watu hawajaibiwa, kwamba cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kinathibitisha kampuni imesajiliwa tu. Hakiipi ruhusa ya kukusanya amana za watu. Ruhusa hiyo ni leseni ya Benki Kuu. Shangazi alionyeshwa cheti kimefungwa kwenye fremu, na kwake muhuri ni muhuri.

Na kwako, Mhariri. Magazeti yetu hutuletea habari za vijana waliotajirika mtandaoni, na wiki inayofuata habari za waliotapeliwa. Katikati hapana kitu. Sijawahi kusoma mahali bei ya dakika moja ya manukuu, wala makato ya kupokea dola 100, wala mwezi mbaya unafananaje. Kama utakubali, nitaleta ofisini kwako taarifa yangu ya benki ya miezi 12, ile miwili ya sifuri ikiwemo. Futeni jina na namba ya akaunti, mengine yote myachapishe.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro