Barua kwa vijana wa tawi letu la wahandisi: irudisheni ile jioni yetu

Wanangu wa kamati, na nyinyi wengine wote mliojiunga na chama miaka hii ya karibuni, hamjambo.

Nimeipata kalenda ya shughuli za mwaka mliyotutumia. Mara ya kwanza niliisoma haraka haraka, halafu nikavaa miwani nikarudia polepole maana nilidhani kuna kitu kimenipita. Kuna hafla ya tuzo, kuna mbio za hisani, kuna semina mbili za wadhamini, kuna tarehe 4 Machi Siku ya Uhandisi Duniani, kuna mkutano mkuu na uchaguzi, yote mazuri na kazi yake naijua kwa sababu nimewahi kuwa katibu wa tawi, mtu unajitolea baada ya saa za kazi na ahsante huipati. Lakini ile jioni ya kila mwezi tuliyokuwa tunakaa tu tukaongea mambo ya saiti, haipo. Nimeuliza nikaambiwa watu hawaji na pia haina mdhamini. Hilo ndo limenifanya niandike.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu kazini nilipopewa dakika 20 kwenye hiyo jioni nieleze ukuta wa kuzuia udongo niliokuwa nimeusanifu, ukuta wa mita 3 kwenda juu. Nikachora ubaoni, nikaonyesha hesabu ya msukumo wa udongo, nondo zangu zimekaa upande unaotakiwa, nikamaliza watu wakapiga makofi. Sasa kulikuwa na mzee mmoja kakaa nyuma kabisa, jioni nzima hajasema neno, akainua mkono akaniuliza, mwanangu, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hayo maji ya nyuma ya ukuta yanatokea wapi? Nikamjibu kuna matundu ya kutolea maji ukutani. Akasema haya, nionyeshe. Nikamwonyesha, matundu kweli yapo kwenye mchoro, ila nyuma yake nilikuwa nimeandika udongo uleule wa mfinyanzi uliochimbwa palepale urudishiwe, hakuna changarawe, hakuna kitambaa cha kuchuja, yaani yale matundu yangeziba msimu wa kwanza tu.

Mzee akaja mbele akachukua chaki. Akasema hesabu yako ya udongo mkavu inakupa kama tani 2.7 za msukumo kwa kila mita moja ya ukuta, sawa, sasa maji yakisimama mpaka juu, maji yenyewe peke yake yanasukuma tani 4.5, bado hujajumlisha udongo uliolowa. Ukijumlisha vyote viwili ni zaidi ya mara mbili ya ule mzigo niliosanifia. Akanirudishia chaki akaenda kukaa, hakunisema vibaya wala hakumwangalia bosi wangu aliyekuwa mstari wa mbele. Zege lilikuwa bado halijamwagwa. Wiki ileile nikabadilisha mchoro, na ule ukuta umesimama hadi leo, nikipita pale huwa naangalia matundu kama yanatoa maji.

Ndo maana nikisikia mtu anasema ile jioni haina faida naumia. Wengi wenu mnafanya kazi ofisi ambayo injinia mwandamizi ni mmoja na ana miradi kumi, anaangalia mchoro wako dakika tano anapiga mhuri. Ni nani mwingine atakuuliza swali la maji?

Najua mnaisoma shuleni ile ajali ya hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi ziliporomoka wakafa watu 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazotoka darini zinapita njia ya juu hadi ya chini. Ikaonekana ngumu kuifunga, zikakatwa ziwe fimbo mbili mbili, ile ya chini ikaning'inia kwenye boriti za njia ya juu. Chukulia watu wawili wameshika kamba moja, kila mtu anabeba uzito wake kwenye kamba, halafu yule wa chini aiachie kamba ashike miguu ya mwenzake. Mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati iliyoibeba njia ya juu kwenye fimbo, mzigo uliongezeka mara mbili kwa badiliko dogo ambalo lilipita mezani kwa watu na hakuna aliyelikalia chini kulipigia hesabu. Na uchunguzi uligundua hata ule mchoro wa kwanza ulikuwa na uwezo wa kama asilimia 60 tu ya kilichotakiwa na kanuni. Wahandisi wawili walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri. Lakini kitu ninachotaka mkishike ni kwamba mmoja wao, yule ambaye mhuri ulikuwa wake, baadaye alikuwa anakwenda kwenye mikutano ya wahandisi anasimama mbele ya wenzake anaeleza kilichotokea. Fikirieni uzito wa kusimama pale. Alikwenda kwa sababu alijua kwenye kile chumba kuna kijana ana mchoro unaofanana na ule mezani kwake.

Na vyama vyetu hivi vilianza hivyohivyo. Kile cha London, Institution of Civil Engineers, kilianzishwa mwaka 1818 na vijana wachache wakiwa na Henry Robinson Palmer, wakikutana kwenye mgahawa wa kahawa wajifunze kwa kuongea, maana shule ya kuwafundisha kazi yao ilikuwa haipo. Miaka miwili baadaye wakamuomba Thomas Telford awe rais wao wa kwanza, mtu aliyeanza kama fundi mawe.

Sasa nyie mnasema watu hawaji. Mimi naona waliacha kuja tulipoanza kualika mgeni rasmi kila mara, tukasubiri saa nzima, tukasikiliza hotuba, halafu prezentesheni ya slaidi 60 za mtu anayeuza bidhaa, na maswali mawili tu kwa sababu muda umekwisha. Hata mimi niliacha, na hapo sisi wazee tuna lawama, tuliiona inaharibika tukanyamaza.

Irudisheni ikiwa ndogo. Msemaji mmoja, dakika 20, maswali saa nzima. Asiwepo mgeni rasmi. Jina la mteja na la mkandarasi lisitajwe, kusiwe na kurekodi wala kupiga picha, ili mtu aweze kusema hapa nilikosea bila kuogopa kesho itakuwa kwenye kila grupu. Wenye miaka chini ya mitano kazini waulize kwanza, sisi wazee tungoje, la sivyo tutameza muda wote. Katibu aandike kosa na dawa yake kwenye ukurasa mmoja, basi. Ukitunza kurasa kama hizo miaka kumi tawi linakuwa na kitu ambacho hakinunuliki popote. Na zile pointi za mafunzo ya kila mwaka za kuhuisha leseni muwape waliokaa hadi mwisho, msimpe aliyesaini akaondoka.

Ziara za saiti pia ziangalieni. Ile ya mwisho niliyokwenda tulikuwa watu 80 na zaidi tumevaa helmeti mpya, meneja akatueleza mradi kwa kipaza sauti tukiwa tumesimama getini, tukapiga picha tukaondoka. Nendeni 15, ombeni muongee na fomani, yule msimamizi wa mafundi, muulizeni ni mchoro gani umempa shida kuujenga. Fomani anajua sehemu ambazo nondo zimebanana mpaka zege halipiti, anajua kila kitu mlichochora bila kufikiria mkono wa fundi unaingiaje, ila hakuna anayemuuliza.

Kuhusu uchaguzi sina maneno mengi, mchagueni mtu anayekuja kwenye vikao.

Hafla ya tuzo endeleeni nayo, watu wanahitaji kupongezwa. Ninaloomba ni jioni moja kwa mwezi na chumba chenye ubao. Kama mnatafuta wa kuanza nipangieni mimi Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao. Ule mchoro wa zamani wa ukuta ninao bado, na alama za kalamu nyekundu nilizoweka usiku ule nilivyorudi nyumbani, nitauleta niutandaze mezani mje muulize.

Mzee wenu, mwanachama wa tawi.