Kompyuta Ikiwa Nzito, Anza na Diski

Kompyuta nyingi tunazoletewa dukani zikisemwa zimezeeka bado ni nzima. Prosesa ina nguvu, kioo hakina doa, kibodi inabonyezeka vizuri. Ila ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Mwenyewe ameshakata tamaa, anataka tumtajie bei ya nyingine. Huwa tunamwomba asubiri kidogo, maana kununua kompyuta nzima si jambo dogo, na mara nyingi kinachoumwa ni kifaa kimoja tu ndani yake.

Tunawaandikia zaidi wenye kompyuta za mtumba za Windows, zile HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikaishia Kariakoo. Ni mashine za kazi, zilitengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa. Mengi yaliyomo humu unaweza kuyafanya mwenyewe nyumbani bila kutulipa hata shilingi.

Iangalie ikiwa imekwama

Kompyuta ikishakwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Nenda sehemu ya Performance. Hapo kuna CPU, yaani prosesa, kuna Memory, yaani RAM au kumbukumbu ya muda, na kuna Disk. Soma asilimia ya kila kimoja. Usizisome kompyuta ikiwa imetulia, hazitakuambia kitu. Zisome wakati inakukera.

Ukikuta Disk imegota 100 huku CPU iko chini ya 20, jibu umeshalipata: prosesa imekaa bure, inasubiri diski iiletee kazi. Hapohapo Windows inakuandikia diski yako ni ya aina gani, HDD au SSD.

HDD ni diski ya sahani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, kwenye kompyuta mpakato nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda huku na huku kutafuta data. Ukinakili filamu moja kubwa diski hiyo inajitahidi, maana data imepangana na mkono unasoma mfululizo. Lakini Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa. Inasoma maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na kwa kila kimoja mkono lazima uhame, kisha sahani izunguke mpaka mahali pake pafike. Kwa mwendo huo HDD inamudu usomaji mdogomdogo kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka wala kinachohama, ni chipu tupu, na usomaji wa namna hiyo inaumudu kwa makumi ya maelfu. Ndiyo maana kati ya vyote tunavyobadilisha kwenye kompyuta, hakuna kingine ambacho mteja anakiona kwa macho yake kama hiki.

Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea EliteBook 840 G3 mwishoni mwa muhula, matokeo ya wanafunzi yamo ndani na yanasubiriwa. “Fundi, hii chukua uuze vipuri, unipe nyingine,” akasema. Tukamjibu, “Subiri kwanza mwalimu, tuione ikifanya kazi.” Mashine ina prosesa ya i5-6300U na RAM ya GB 8, ambayo kwa Excel, Word na intaneti inatosha kabisa. Tulipofungua faili lake la matokeo, Disk ikapanda hadi 100 na kubaki palepale. CPU haikufika hata 15. Tukamwonyesha pale kwenye kioo ajionee mwenyewe. Tukahamishia kila kitu kwenye SSD ya GB 256, faili zake, programu zake, mpaka picha ya wajukuu aliyoiweka mbele, na ile diski ya zamani tukaitia kwenye kasha la USB awe anahifadhia nakala. Faili la matokeo lilifunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Ukienda kununua SSD, fahamu haya. Ile yenye umbo la diski ya kawaida ya inchi 2.5 inaingia karibu kila mahali palipokuwa na HDD. Ile nyembamba kama pipi ya kutafuna, inayoitwa M.2, iko ya aina mbili, SATA na NVMe, na kwa macho zinakaribia kufanana. Kuna kompyuta zinazokubali moja tu, kwa hiyo jua modeli yako kabla ya kutoa hela. Pia ogopa SSD ya nje au flashi ya bei ya kutupa iliyoandikwa TB 1 au 2. Zipo zilizopangwa zidanganye ukubwa: zinapokea faili zako zote bila kulalamika, halafu ukija kuzifungua hazipo. Programu ya bure ya H2testw inaijaza yote na kuisoma tena, inakupa ukubwa wa kweli. Ipime siku uliyoinunua, risiti ikiwa bado mkononi.

Na kama diski yako inagonga tik-tik-tik, au kompyuta inazimika katikati ya kunakili, izime. Usiiwashe tena “kujaribu”. Kila unapoiwasha unapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo. Ilete ikiwa imezimwa, tuanze na data, kasi baadaye.

RAM, kwa kifupi

Kama ni Memory iliyofika 90 na zaidi, hapo dawa ni RAM. GB 4 kwa Windows ya sasa ni mateso. GB 8 ndiyo tunayoshauri kwa kazi za kawaida. Kwenye Task Manager, ukibonyeza Memory, utaona mstari wa Slots used. Mstari huo ukisema 1 of 2, una tundu moja tupu, unaongeza bila kutoa iliyopo. RAM za aina ya DDR3L na za DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko sehemu tofauti, usilazimishe. Na MacBook Air haziongezwi RAM kabisa, imeunganishwa kwenye bodi tangu kiwandani. Anayekuahidi vinginevyo muulize ataiweka wapi.

Windows 10 imefika mwisho

Yule mwalimu aliuliza swali zuri: sasa niweke Windows 11? Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, ila masasisho ya usalama ya kila mwezi yaliishia hapo. Wenye kompyuta binafsi wanaojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wamepewa hadi Oktoba 2026.

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Soma namba: i5-6300U inaanza na 6, ni kizazi cha 6, haimo. i5-8350U ni kizazi cha 8, imo. Kwa hiyo kama unanunua mtumba leo, usihadaike na “i5” au “i7” peke yake. i5 ya kizazi cha 8, kama ile ya ThinkPad T480, ni ununuzi bora kuliko i7 ya kizazi cha 4 yenye stika inayong'aa. Kwa wenye mashine za zamani kidogo ambao kazi yao ni intaneti na nyaraka, tunawawekea Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, pamoja na LibreOffice, programu za nyaraka. Ni bure, inapata masasisho, na mtu aliyezoea Windows hapotezi njia. Mwalimu tulimwandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza, ana muda wa kujipanga.

Siku ya kwanza na kompyuta ya mtumba

Ushauri wetu ni kupiga Windows upya. Hujui aliyekutangulia aliacha nini humo. Kabla ya kumlipa yeyote hela ya Windows, ingia Settings, System (kwenye Windows 10 ni Update & Security), kisha Activation. Kompyuta nyingi za ofisi zilitoka kiwandani na leseni halali ya Windows Pro, na tangu enzi ya Windows 8 namba yake huhifadhiwa kwenye bodi yenyewe. Ukipiga Windows safi kwa flashi ya GB 8 iliyoandaliwa na Media Creation Tool ya Microsoft, ikishagusa intaneti inajitambua yenyewe. Watu wanalipia kitu wanacho tayari, na hilo linatuuma.

Windows ya kuchakachua hatuweki. Zile programu za kuifungua hukuomba kwanza uzime Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Fikiria umefanya hivyo kwenye mashine hiyohiyo unayoingilia akaunti ya benki.

Ukishamaliza, weka saa. Kwenye orodha ya Windows hutaiona Dar es Salaam. Chagua (UTC+03:00) Nairobi, saa ni ileile. Kama saa inarudi nyuma kila ukizima na kuchomoa chaja, betri ndogo ya bodi imekufa. Wengi hawajui kwamba hiyo ndiyo huwafungia tovuti: kivinjari kinaona tarehe ya miaka iliyopita, kinadhani vyeti vya usalama vya tovuti bado havijaanza kutumika, kinakuonya kwamba muunganisho si salama. Mteja analaumu bando, kumbe ni betri ya ukubwa wa shilingi.

Halafu kibodi. Ukibonyeza @ ikatoka alama ya kufungia usemi, kibodi haijaharibika. Mashine ya Uingereza ina @ karibu na Enter, ya Marekani ina @ juu ya namba 2. Windows imeambiwa ni ya nchi nyingine. Nenda Settings, Time & language, Language (kwenye Windows 11 ni Language & region), uchague kibodi inayolingana na vitufe vyako.

Kama ni ya mezani iliyotoka Marekani, geuza nyuma kabla ya kuichomeka. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja na moshi.

Bando lisiishe bila wewe kujua

Kwa anayetumia intaneti ya simu, hili ni la lazima. Fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao wako na uwashe Metered connection. Windows itaacha kupakua masasisho mengi makubwa kimyakimya. Kisha Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, uzime kipengele cha kupakua kutoka kwa kompyuta nyingine, maana kikiwa wazi kwa kompyuta za intaneti, yako nayo inaweza kuwatumia wengine masasisho kwa bando lako. Lakini ukipata Wi-Fi ya kazini au ya chuo, acha ipakue. Kompyuta isiyosasishwa mwaka mzima ni hatari kuliko bando lililoisha.

Kisha rudi kwenye Task Manager, ingia sehemu ya Startup. Zima zinazojiwasha zenyewe ambazo hazina kazi: Spotify, Teams kama huitumii, programu za printa uliyoshaigawa. Acha za ulinzi, sauti na padi ya kugusia. Programu za “kuharakisha kompyuta” na “kusafisha registry” usiziweke, nyingi ndizo zinazoongeza uzito. Defragi ya SSD, yaani kupanga upya data yake, nayo usiihangaikie, Windows inajua namna ya kuitunza.

Defender inatosha kwa watu wengi, mradi isasishwe. Usiweke antivirusi mbili, zitagombana. Hatari kubwa tunayoiona ni flashi inayotoka steshenari: unaifungua, faili zote zimegeuka shortcut, yaani njia ya mkato. Usiibonyeze hiyo shortcut, ndiyo inayowasha kirusi. Na usiifute flashi kwa hasira. Mara nyingi faili zako zimo, zimefichwa tu. Tunazirudisha.

Joto, betri na umeme

Kompyuta inayopiga kelele ya feni na kupunguza kasi ikipata moto imejaa vumbi. Prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kusafisha feni na kubadilisha ule ute wa kupitisha joto kunairudisha. Usiitumie juu ya kitanda, godoro linaziba matundu ya hewa.

Kuijua betri, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti na kukuandikia ilipo. Linganisha Design capacity na Full charge capacity. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, betri imebaki nusu, hata muuzaji aseme nini. Ombeni ripoti hii dukani kabla ya kulipa, nasi tunaitoa kwa kila kompyuta tunayouza.

Umeme ukikatika, chomoa chaja na uache urudi na kutulia ndipo uchomeke. Kwa ya mezani nunua UPS, kifaa chenye betri ya akiba, hata ndogo ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima.

Unapotuletea kompyuta, ilete na chaja yake hata kama unaona haihusiki, kwa sababu chaja isiyo yake nayo hupunguza kasi kwenye baadhi ya modeli. Tuambie kuna nini ndani usichotaka kipotee, tukinakili kwanza mbele yako. Na kama unaingia kwa akaunti ya Microsoft, tafuta mapema namba yako ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, yenye tarakimu 48 kwenye akaunti hiyo, uiandike kwenye karatasi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker bila namba hiyo haifunguki, si kwetu wala kwa fundi mwingine yeyote. Kupima diski, RAM na betri hatutozi, na majibu tunakupa papo hapo ukiwa umesimama kaunta.