Barua kwa Wazazi ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Shule ya Msingi, Busia, Uganda

Kwa wazazi na walezi wote,

Salaam. Muhula umeisha salama, ila mvua imetuharibia barabara. Ripoti mtazipata kwa walimu wa madarasa. Wenye deni la posho wanajijua. Nitaongea nao ana kwa ana.

Leo nataka tuzungumze habari ya watoto ambao maneno yanawagomea.

Mwezi wa tatu tulitembelewa na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha kutoka Kampala. Alikaa siku mbili tu. Wataalamu hawa ni wachache mno: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwasomesha shahada hiyo mwaka 2008, na shule ya serikali ya mpakani kama yetu haina wa kwake.

Alianzia P.4, yaani darasa la nne. Kuna kijana pale, akisimama kusoma, neno la kwanza humkaba kooni. Macho yanafumba, mguu unapiga sakafu, wenzake wanacheka. Mimi mwenyewe, sifichi, niliwahi kumwambia, "Fanya haraka, tunakungoja." Mgeni alimkalisha na rafiki yake, akawapa ukurasa mmoja wausome pamoja kwa sauti moja. Kijana akaumaliza bila kukwama hata mara moja. Darasa lilinyamaa. Mwalimu wake akageuka ubaoni, akajifanya anatafuta chaki.

Si kwamba amepona. Kusoma pamoja na mwenzake humfungulia mwenye kigugumizi njia kwa muda, akiwa peke yake kinarudi. Lakini siku ile tulijua sote kwamba kusoma anajua. Kigugumizi hakitokani na kutekenywa utotoni, wala na kusikia lugha mbili nyumbani. Kwa hiyo msimmalizie sentensi, na msimwambie "vuta pumzi kwanza". Mtazame, subiri amalize, kisha jibu alichosema.

Yuko pia binti wa P.2 tuliyemwita mkaidi. Mgeni aligundua kwamba mwalimu akimtazama, binti anajibu. Mwalimu akiongea huku anaandika ubaoni, binti yuko kimya. Mama yake alimpeleka kituo cha afya, wakakuta masikio yote mawili yamezibwa na taka. Yalisafishwa. Sasa kazi yetu ni kumnyamazisha.

Kuhusu Kiingereza, nisikilizeni vizuri. Mtoto anayenyamaza darasani lakini nyumbani anabishana na nyanya yake kwa Kisamia, huyo hana tatizo la usemi. Anajifunza lugha mpya, na P.4 ndipo mzigo unapoongezeka kwa kuwa masomo yanageukia Kiingereza. Anayekwama hata kwa lugha ya nyumbani ndiye tunayemtafuta. Na nyinyi mlioacha kabisa kuongea Kisamia au Kiswahili na watoto ili "wazoee Kiingereza", tafadhali rudieni. Mtoto anaongeleshwa kwa lugha ambayo mzazi ana maneno mengi, siyo ile ambayo mzazi mwenyewe anaisakasaka.

Likizo hii mpelekeni kituo cha afya mtoto yeyote anayetoka usaha masikioni, au anayeitwa mara tatu ndipo ageuke. Mtoto asikatwe chini ya ulimi ati ndipo aongee, na mtu yeyote mtaani kwa wembe, hata akiwa mzee anayeheshimika. Mwenye mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, asimfiche: hospitali ya CoRSU kule Kisubi hufanya upasuaji huo, na baada ya upasuaji mtoto huenda akahitaji mazoezi ya kusema.

Baadhi yenu mmeniuliza kama mtoto wa namna hii atarudishwa nyumbani. Hapana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi huo, na hata isingekuwepo nisingemrudisha. Kumwita mwenzake "bubu" kumekuwa kosa la nidhamu hapa shuleni tangu mwezi uliopita. Wa kwanza kukamatwa, nasikitika kusema, alikuwa mwalimu.

Muhula wa pili ukifunguliwa, mwalimu wetu aliyesomea elimu maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo atakaa chini ya mwembe kila Jumanne saa nane mchana. Njoo na mtoto mwenyewe, usimtume kaka yake. Kama kitabu chake cha kliniki bado kipo, kije pia.

Wenu,
Mwalimu Mkuu