Wikendi ya Tanga huharibikia Mombasa

Mhariri,

Wikendi ndefu ikikaribia, marafiki hapa Mombasa huanza kuulizana waende wapi. Wengi hutaja Dar es Salaam, kisha wakipiga hesabu ya barabara hukata tamaa: zaidi ya kilomita 500, siku nzima kwenye kiti cha basi kwenda na nyingine kurudi. Tanga iko njiani, kama kilomita 170 kutoka kivuko cha Likoni, theluthi moja hivi ya safari ya Nairobi. Ni mji wa nchi nyingine, una bandari na makumbusho, na lugha ni hii yetu. Kwa watu wawili wanaotoka Ijumaa na kurudi Jumapili, hakuna mji wa nje unaowafaa kuliko huo. Ila wapo wanaorudishwa mpakani Horohoro, upande wa Tanzania, na kosa lao halikufanyika Horohoro. Lilifanyika hapa Mombasa, kwenye dirisha la tiketi, ambako nauli ilipokewa na swali halikuulizwa.

Kubwa ni chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hudai cheti chake kwa anayetoka Kenya, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatano ili asafiri Ijumaa amelipa, mkono umemuuma, na bado hana cheti halali. Afisa wa afya hatazami muhuri peke yake, hutazama tarehe iliyoandikwa kando yake. Hata kudungwa palepale mpakani hakufuti zile siku 10, na hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanza, ambayo hayana risiti. Mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asihangaike kuchanjwa upya: tangu Julai 2016 sindano moja hutosha maisha. Mjamzito, aliyefikisha miaka 60 na mwenye mzio wa mayai wamwone daktari kwanza, na wakizuiwa kuchanjwa wasafiri na barua yake. Hakikisheni pia jina la kwenye kadi ni lile lile la pasipoti. Herufi moja ikipishana, foleni yote hukungojeeni.

La pili ni kitambulisho. Kwa sababu Wakenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, wengi hudhani na Tanzania ni hivyo hivyo. Sivyo. Inatakiwa pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Viza haihitajiki kwa raia wa Kenya. Rafiki yako akiwa na uraia wa nchi nyingine, masharti yake si yako, basi muulize kabla hamjachanga nauli.

Wanaokwenda kwa gari lao wana kadi ya njano nyingine, isiyohusiana na sindano: bima ya gari ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, inayokatwa kwa kampuni yako ya kawaida ya bima kabla ya kuondoka. Watu huchanganya hizi kadi mbili, akaenda mtu na moja akidhani ni zote. Bebeni hati halisi ya umiliki wa gari, na kama gari si lenu, barua ya mwenyewe. Forodha watawapa kibali cha muda cha kuingiza gari. Kitunzeni, kwa maana hutakiwa tena mkitoka.

Mpakani penyewe hapana ugumu. Kituo ni cha pamoja: ukienda, unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania upande wa Horohoro. Ukirudi, yote mawili ni Lunga Lunga, upande wa Kenya. Asiyejua hili husimama Lunga Lunga akitafuta dirisha la kutokea huku basi limeshavuka. Anza na meza ya afya, kisha Uhamiaji wa Kenya, kisha wa Tanzania. Usiondoke dirishani kabla hujafungua ukurasa ukaona mihuri miwili yenye tarehe ya leo. Muhuri uliosahauliwa hugeuka kesi siku ya kurudi.

Pesa zataka utulivu. Tangu Machi 2025 sheria ya Tanzania inakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hivyo shilingi zetu hazitawafikisha popote. Shilingi moja ya Kenya siku hizi huzunguka 19 au 20 za kule. Tuseme mmebadilisha 10,000 kwa bei ya 19: mnatarajia 190,000, yaani noti 19 za elfu kumi. Noti ya elfu kumi ina tembo, ya elfu tano kifaru, ya elfu mbili simba, na ya elfu moja ina Mwalimu Nyerere. Mchezo wa wabadilishaji wa barabarani ni kuweka tembo juu na chini, katikati wakajaza Nyerere, kisha wakakuharakisha ati basi linaondoka. Mmoja wenu ahesabu noti moja moja, mwingine asimame kando asisemeshwe na mtu. Bora zaidi, badilisheni dukani au benki.

Wala msilale bila kuuliza masharti ya gesti. Kitabu cha wageni kitataka jina, kabila, mtokako na muendako, nanyi jazeni bila kuudhika, ndio utaratibu wao. Baadhi ya gesti haziruhusu watu wawili wa jinsia moja chumba cha kitanda kimoja, kwa hivyo marafiki waulize vyumba viwili, au chumba cha vitanda viwili, kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Chumba mara nyingi hurudishwa saa nne asubuhi.

Siku ya Jumamosi inatosha ikipangwa vizuri. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kabla ya kuingia mjini, kwenye barabara ile ile ya Horohoro, kwa hivyo wenye gari huweza kupita Ijumaa wakiwahi mchana. Ndani ni giza, popo na mawe yanayoteleza. Vaeni viatu vya kufunika, bebeni tochi badala ya kutegemea simu, fuateni mwongozaji. Wakati wa masika hapafai. Mjini tembeeni kwa miguu kutoka bandarini hadi Ras Kazone, muone majengo ya Wajerumani, mahali ambapo Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilipigwa likarudi baharini.

Lakini mkiwa na nafasi ya pahali pamoja tu, iwe Tongoni, kusini kwenye barabara ya Pangani. Kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ambayo mtu wa pwani hii atayatambua bila kuelezwa. Nje ya pwani hiyo, Januari 1499, Vasco da Gama alichoma meli yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha tatu. Nguzo yake iko Malindi na watoto wetu huifahamu, ila habari hii ya Tongoni ni wachache wanaoijua.

Jumapili msingoje basi linalotoka Dar asubuhi. Hufika Tanga mchana, nanyi mtafika Likoni usiku. Pandeni mapema gari la Horohoro, mmalize mpaka, mchukue matatu ya Lunga Lunga hadi feri.

Ombi langu kwa kampuni za mabasi ni dogo: anayekata tiketi ya kuvuka mpaka aulizwe papo hapo, una pasipoti, na sindano yako imetimiza siku 10? Na wewe Mhariri, yaandike maneno hayo gazetini wiki mbili kabla ya kila sikukuu, maana yakitoka Ijumaa yenyewe hayamsaidii mtu.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa