Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya, Mwaka 2025: Kamera za Ngozi Pemba

Ndugu wanajumuiya, Assalaam alaykum.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kamera za ngozi, maana ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kazi yetu mwaka huu.

Mnaijua safari ya mtu wa Kojani au Kisiwa Panza mwenye baka asilolifahamu: chombo, gari, na pengine boti hadi Unguja kumtafuta daktari wa ngozi. Wengi huishia duka la dawa na tyubu ya steroidi, dawa ya kupaka ya kutuliza muwasho. Muwasho hupoa, lakini ikiwa ni fangasi, baka huzidi kuenea na sura yake hubadilika, hata daktari akababaika. Ndiyo maana wahudumu wetu wa kujitolea huuliza kwanza, "Umepaka nini?" Jibu huandikwa pamoja na picha anayotumiwa daktari kwa simu.

Kifaa chenyewe ni lenzi ndogo inayobanwa kwenye simu janja, ikikuza takriban mara 10. Taa yake ina vichujio vinavyoondoa mng'ao wa juu, ukaona hadi chini ya uso wa ngozi. Kwa mgonjwa wa upele unaoletwa na mdudu anayechimba ngozi, mdudu huyo huonekana kama pembetatu ndogo nyeusi mwisho wa njia aliyochimba. Faida yake ni kubwa, kwani upele ukithibitika hutibiwa nyumba nzima kwa wakati mmoja, si mtoto anayejikuna tu. Wakubwa mnakumbuka dawa za matende na mabusha zilizoanza kugawiwa Zanzibar mwaka 2001. Mojawapo ilikuwa ivamektini, inayoua pia mdudu wa upele, na upele nao ukapungua vituoni.

Stara ilituchukua muda kuliko mafunzo ya lenzi. Mwanamke anapigwa picha na mhudumu wa kike, ndani, kwa ridhaa yake, na uso hauonekani ila ugonjwa ukiwa usoni. Picha ikishamfikia daktari inafutwa kwenye simu. Kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia njema, ni kumvunjia mtu heshima. Kwa hili sina msamaha.

Ukoma bado upo visiwani kwetu. Baka lake hufa ganzi, na ganzi haionekani kwenye picha. Mhudumu aguse kwa pamba, na mgonjwa asipohisi apelekwe kituoni bila kusubiri jibu la simu. Dawa zake ni bure.

Tumeshawishiwa kutumia programu zinazobashiri ugonjwa zenyewe. Kamati imekataa kwa sasa. Nyingi zimefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe, na wekundu zinaoutafuta kwetu huonekana kama weusi au zambarau.

Mwezi Mei mwaka huu Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Tumelipokea kwa furaha, ila kwetu picha bado husubiri jibu muda mrefu, kwa sababu madaktari wanaotusaidia ni wachache na wana wagonjwa wao. Kabla ya kununua lenzi nyingine, naomba mkutano uidhinishe posho ya daktari mmoja wa kujibu kila wiki, na ndugu zetu wenye ualbino watangulizwe kwenye foleni yake.