Maziwa yasiyo na laktosi yatengenezwe hapa Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maziwa yasiyo na laktosi (sukari ya asili ya maziwa), ambayo soko lake linazidi kupanuka duniani huku sisi wa Tanga, mkoa unaosifika kwa maziwa, tukilitazama kwa mbali. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa katika utumbo mwembamba, na ndiyo maana baadhi yao wakinywa maziwa tumbo huwajaa gesi, likaunguruma, na wengine huharisha. Kiwandani, kimeng'enya hicho hicho hutiwa ndani ya maziwa, sukari ikagawanyika kuwa glukosi na galaktosi, na maziwa yakawa matamu zaidi bila kuongezwa sukari yoyote. Pakiti zinazoagizwa kutoka nje, kwa bei yake, mama lishe wa Ngamiani hazimudu. Yeye ana mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wengi huuvumilia vizuri. Nawasihi wasindikaji wetu wayatengeneze maziwa hayo hapa hapa, na wahudumu wa afya wasimkataze mtu maziwa yote kabla ya kumweleza habari za mtindi.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga