Msimwambie mjamzito atupe dawa za akili

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, na kwa ajili ya wanawake ninaokaa nao benchi moja kliniki ya afya ya akili kila mwezi, wengi wao wakiwa bado wanazaa.

Mdogo wangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kisha kumzamisha. Alianza kuugua akiwa na miaka 21. Wiki nzima halali, anaongea kama chiriku, anagawa vitu vya ndani; kisha anazama, hata kuoga kunamshinda. Alipewa valproeti akatulia. Miaka mitatu alikuwa mzima kabisa, akaolewa Nansio, kisiwani Ukerewe. Vidonge alivitunza kwenye kopo la Blue Band, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, hakosi.

Miaka yote mitatu hakuna aliyemuuliza: dada, unatumia uzazi wa mpango? Unatarajia kupata mtoto? Daftari lake ninalo hapa nilipokaa, nimelipekua ukurasa kwa ukurasa. Kuna tarehe, kuna "endelea na dawa", kuna mhuri. Swali hilo halimo.

Mimba ikaja. Alipokwenda kuanza kliniki ya wajawazito ilishafika miezi minne. Alipotaja dawa anazotumia, muuguzi alishtuka akamwambia: ukitaka mtoto mzima, acha dawa zote leo. Mdogo wangu ni mtiifu. Jioni ile alimimina kopo lote chooni.

Wiki ya tatu wifi yake alinipigia simu saa tisa usiku. Mdogo wangu yuko uani anasugua masufuria, yale yale tangu jioni, mchanga umemchuna vidole mpaka vinatoka damu, na anacheka. Kulipokucha alikutwa anaingia ziwani na nguo zake, tumbo limeshaonekana, anasema anakwenda Mwanza kwa miguu. Waliomshika ni wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa. Mungu awabariki, hata majina yao siyajui. Nilipanda meli kumfuata, tukarudi naye tukapanda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Yule muuguzi simtupii lawama zote, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Daktari alinieleza taratibu mpaka nikaelewa. Katika dawa za akili, valproeti ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mimba. Kati ya watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito, kama 10 huzaliwa na kasoro, mgongo wazi, moyo au mdomo wa sungura, wakati kwa kawaida ni wawili au watatu. Tena 30 hadi 40 kati ya hao 100 huchelewa kutembea au kusema, au hupata shida ya kujifunza baadaye. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe. Foliki asidi, vitamini wanayopewa wajawazito, ni nzuri, lakini haiifuti hatari hiyo.

Sasa lililoniuma zaidi ni hili: mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hata hawajajua. Kutupa vidonge mwezi wa nne hakukuokoa mgongo wowote. Dawa ilibidi ibadilishwe, ndiyo, maana ubongo wa mtoto hujengwa mimba nzima. Lakini kubadilisha si kutupa. Mdogo wangu alianzishiwa haloperidoli, dawa ya zamani ambayo wajawazito wameitumia miaka mingi, na siku ya nne alilala usingizi. Kosa la kwanza lilifanyika kwenye dirisha la dawa, miaka mitatu kabla, alipopewa valproeti bila kuulizwa.

Kisha wakwe wakaita kikao. Mzee mmoja akauliza: kumbe kwenu kuna wazimu, mbona hamkusema wakati wa mahari? Na ni kweli, shangazi yetu, dada yake baba, aliugua hivyo hivyo, akawa anafungwa kamba. Sikuficha. Nilitoa karatasi ambayo daktari alinichorea vichwa kumi vya watoto, kimoja amekitia wino. Mzazi mmoja akiwa na baipola, kati ya watoto kumi kama mmoja, pengine pungufu, ndiye atakayeugua. Kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kati ya 100. Vinasaba vinavyohusika ni vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, wala hakuna kipimo cha damu cha kumtambua mtoto atakayeugua. Baba mkwe aliishika ile karatasi, akavihesabu vile vichwa kwa kidole. "Basi tisa ni wazima," akasema. Mahari haikudaiwa.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, mgongo umefunga. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi kwa mwenye baipola, kwa hiyo tuliulinda usingizi wake kwa zamu: mimi, wifi na mumewe, mmoja anambeba mtoto usiku ili mama alale. Sasa mtoto ana mwaka na miezi minne, anatembea. Maneno yake bado machache. Tunamwangalia kila siku.

Naomba wanaoandika dawa wamuulize kila mwanamke kabla ya kuandika, wa kifafa pia, maana valproeti hiyo hiyo hupewa nao. Wauguzi wa kliniki ya wajawazito wapige simu kliniki ya akili kabla ya kutamka neno "acha". Na wewe dada unayeitumia leo, usiitupe. Nenda kwa daktari wako kesho, mpange pamoja.

Mdogo wangu na mumewe wanataka mtoto wa pili. Alhamisi tunapanda Bugando watu watatu, mume akiwemo, na daftari tumeliandika swali sisi wenyewe, ukurasa wa mbele, kwa kalamu nyekundu.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza
(Jina langu Mhariri analo)